Friji ya mama imekufa mwezi wa nane, waranti ya duka ni miezi sita. Ndiyo basi?

Binti wa Rangi Tatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Mama yangu anauza barafu za ukwaju na ubuyu huku Mbagala, pamoja na samaki anaowachukua Feri alfajiri. Friji yake ya zamani ilipochoka, mimi na kaka yangu tulichanga tukamnunulia mpya Kariakoo. Tulimpata winga, yaani dalali wa mtaani, pale Msimbazi, akatuzungusha maduka matatu, tukamalizia kwenye duka la mtaa wa ndani. Laki tisa na themanini. Tukapewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kijikaratasi kilichogongwa muhuri: "Waranti miezi 6, kompresa tu. Mali ikishauzwa hairudishwi." Tukaipakia kwenye kirikuu, tukaondoka na furaha yetu.

Juzi Jumatatu, mwezi wa nane tangu tuinunue, mama kanipigia kabla ya adhana ya alfajiri. "Mwanangu, hii friji inaunguruma usiku kucha lakini barafu haishiki." Nilipofika nikakuta samaki wameanza kulegea, maji ya barafu yamechuruzika mpaka mlangoni. Mzigo wa siku mbili umekwenda.

Nikaenda dukani siku hiyo hiyo. Kijana wa kaunta hakutaka hata kusikia friji ina nini. Kaangalia tarehe kwenye risiti, kahesabu kwa vidole: "Dada, miezi sita imepita. Na hii ni umeme tu, umeme wa huko kwenu ndio unaziua." Nikamwambia nyumbani kuna fridge guard, kile kifaa cha kuikinga friji na umeme mbaya, na mashine inawaka vizuri, haigandishi tu. Kaniambia nitafute fundi.

Ninachouliza ni hiki. Kitu cha karibu milioni kinachotakiwa kukaa miaka, kikifa mwezi wa nane, je, kile kijikaratasi ndicho mwisho wa kila kitu? Jirani ana fundi anayeweza kuja kesho kuongeza gesi kwa elfu themanini. Nimwite?

Fundi wa Temeke

Dada, usimwite. Tafadhali usimwite kwanza.

Nafanya friji na viyoyozi zaidi ya miaka kumi. Fundi akija atakata kibomba cha kujazia gesi, ataweka valvu yake, atajaza. Friji itaganda wiki mbili, pengine mwezi. Gesi itatoka tena kwa sababu penye tundu hapajazibwa, nawe ukirudi dukani wataangalia kile kibomba tu na kukwambia, "Imeshafunguliwa." Hapo hata kama kosa ni la kiwandani huna pa kushikia.

Sasa sikiliza dalili zako. Umesema inaunguruma usiku kucha. Kompresa iliyouawa na umeme kwa kawaida haiungurumi hivyo. Waya za ndani zikiungua, ukipima kwa mita utakuta njia imekatika au zimegusana. Mashine inakaa kimya, au inajaribu kuwaka inatoa mlio mfupi kisha inajizima, au inaangusha swichi. Yako inafanya kazi mfululizo na ubaridi hakuna. Mara nyingi hiyo ni gesi imepungua, au kuna kuziba ndani ya mabomba.

Mwombe fundi aje apime kwa nje tu, bila kukata kitu. Ashike mbavu za friji, zile kuta za pembeni zinazopata joto ikiwa inafanya kazi. Zikiwa za baridi wakati kompresa inazunguka, gesi haitoshi. Afungue sehemu ya kugandishia aone barafu imeshika wapi: ikishika kona moja tu na kwingine pakavu, ni dalili ileile. Apime umeme unaovutwa na kompresa kwa mita ya kubana waya, alinganishe na namba ya kwenye kibandiko cha nyuma. Gesi ikipungua, kompresa inavuta umeme mdogo kuliko ulioandikwa. Halafu amulike tochi kwenye viungio vya nyuma atafute mafuta, maana gesi ikivuja hutoka na mafuta kidogo ya kompresa na kuacha alama ya unyevu yenye vumbi.

Hayo yote aandike kwenye karatasi, aweke jina na sahihi. Piga video ikiwa inaunguruma, na tarehe ionekane.

Tena angalia kibandiko kama kimeandikwa R600a. Hiyo ni gesi inayoshika moto, na friji ya nyumbani huwekewa gramu chache sana. Usiruhusu mtu aichomelee jikoni kwa mama huku jiko linawaka. Nimeona mkono wa mwenzangu ulioungua, sitaki kuona mwingine.

Mkazi wa Tabata

Pole sana dada, na mpe pole mama. Nakuuliza jambo moja: hiyo risiti inasomeka mpaka leo?

Mimi niliikosa haki yangu kwa ujinga mdogo tu. Nilinunua tivii laki saba, risiti nikaitia kwenye droo. Mwezi wa tano picha ikapasuka mistari. Natoa risiti, karatasi nyeupe! Zile karatasi za EFD zinachapwa kwa joto. Ukiziweka penye jua, juu ya kabati la jikoni au ndani ya mfuko wa nailoni, wino unafifia wote. Na hata kabla haijafifia ilisomeka laki mbili, kwa sababu muuzaji alisema akiandika bei kamili itabidi aongeze. Nilikubali. Siku ya kudai, kwa karatasi ile, mimi nilikuwa mtu aliyenunua kitu cha laki mbili.

Kilichonisaidia kidogo ni ujumbe wa muamala wa simu, kwa sababu nililipa kwa simu na jina la mpokeaji lilikuwa la mwenye duka. Kama ulilipa hivyo, usiufute ujumbe ule.

Msaidizi wa Sinza

Salaam Binti. Ninafanya kazi ya msaada wa kisheria, nitaeleza ninavyolielewa suala lenyewe.

Uhusiano wako na duka hautawaliwi na kijikaratasi peke yake. Tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kifungu cha 16 kinaingiza masharti ndani ya mkataba hata kama hakuna aliyeyatamka: ukinunua kwa mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina hiyo, bidhaa lazima iwe na ubora wa kuuzika, na ukimweleza kazi unayoitakia ukategemea ujuzi wake, lazima ifae kwa kazi hiyo. Na sheria inasema dhamana iliyoandikwa haifuti masharti hayo ila pale inapopingana nayo. Kwa hiyo "waranti miezi sita" ni ahadi ya ziada ya duka. Kwisha kwake kunaiondoa ahadi ile ya ziada. Msingi wa ubora unabaki.

Hapo watu wengi hukosea upande wa pili, wakadhani wanaweza kuibeba friji miezi minane baadaye na kudai hela yote. Ni vigumu. Ukikaa na bidhaa muda wa kutosha bila kusema unaikataa, sheria inakuhesabu umeipokea. Ukishaipokea, haki ya kuikataa imepita, lakini haki ya kudai fidia kwa sababu haikuwa na ubora uliostahili haijapita. Fidia hiyo kwa kawaida ni gharama ya kuirekebisha, au tofauti ya thamani kati ya friji uliyostahili kupata na hii uliyopata. Kwa hiyo barua yako isiseme "nirudishieni hela" tu. Iseme: tengenezeni kwa gharama zenu, au leteni nyingine, au lipeni gharama ya matengenezo.

Kuhusu muda, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Miezi minane si kitu. Ila kadiri siku zinavyokwenda, ndivyo mzigo wa kuonyesha kwamba kosa lilikuwemo tangu mwanzo unavyokulemea. Ndiyo maana maneno ya fundi hapo juu ni dhahabu.

Na ile "mali ikishauzwa hairudishwi" isikutishe. Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu nzima inayohusu masharti yanayochukuliwa kuwemo kwenye mikataba ya walaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kumlinda mlaji chini ya sheria hiyo. Duka likikaa kimya, peleka malalamiko kwao kwa maandishi. Pia lipo Baraza la Taifa la Utetezi wa Mlaji. Kama una wasiwasi bidhaa yenyewe ni bandia, FCC wanashughulika na hilo pia. Na kama haikidhi viwango, ni TBS.

Jambo la mwisho: anayewajibika kwako ni aliyekuuzia. Winga alikuelekeza njia tu. Angalia jina lililo juu ya risiti, ndilo utakaloliandikia barua.

Muuza vifaa wa Aggrey

Nimesoma yote. Mimi nauza vifaa hivi, na nitasema bila kumtetea huyo kijana wa kaunta, kwa sababu alichokosea ni kumfukuza mteja bila kuangalia kitu.

Lakini muelewe na upande wetu. Mzigo unatoka Guangzhou kwa kontena. Ikifika hapa friji ina kosa, siwezi kuirudisha China. Aliyeniuzia atanipa vipuri kidogo kwenye oda inayofuata, na kama sitoi oda, hanipi kitu. Duka dogo likirudishiwa friji nne kwa mwezi, faida ya mwezi imekwenda. Na kweli wapo wateja wanaochomeka friji siku hiyo hiyo imeshuka kwenye kirikuu ikiwa imelazwa, bila kuiacha itulie mafuta yarudi chini, na bila fridge guard. Umeme unakatika, unarudi sekunde hiyo hiyo, kompresa inajaribu kuwaka wakati msukumo wa gesi ndani haujatulia. Hiyo inaua, na lawama zinarudi kwangu.

Ninachofanya mimi: mteja akija baada ya waranti, namtuma fundi wangu apime. Ikiwa ni umeme, namwonyesha mita mwenyewe aone. Ikiwa ni kosa la kiwanda, natengeneza, yeye anachangia usafiri tu. Sijawahi kufunga duka kwa kufanya hivyo.

Binti wa Rangi Tatu

Kaka wa Aggrey, nakushukuru kwa kusema ukweli wako, na naomba uyapokee haya bila kinyongo. Ugumu unaoupata kwa wa Guangzhou naukubali. Ila hela yangu niliitoa Kariakoo, kwa mtu niliyemwona kwa macho. Mama hana namna ya kumfikia mtu wa China. Wewe una njia, hata kama ni nyembamba. Ukimbebesha mama hasara yote, umembebesha yule asiyekuwa na nafasi hata ya kufungua kile chuma aone ndani kuna nini siku ananunua.

Na friji ya mama ilikaa saa nane imesimama kabla ya kuwashwa. Kaka yangu ndiye aliyesimamia hilo, alikatazwa na mama mwenyewe asiiguse mpaka asubuhi.

Leo fundi amekuja, amepima kwa nje kama mlivyoelekeza. Ubavu ni wa baridi. Barafu imeshika kipande kama kiganja kona ya juu. Kompresa inavuta umeme chini ya ulioandikwa. Viungio vya nyuma vikavu kabisa, hakuna mafuta. Anahisi tundu liko ndani, kwenye mabomba yaliyofukiwa ukutani kwenye lile povu gumu. Ameandika na kusaini. Alinidai elfu kumi na tano, nimemwomba risiti akaniandikia ya mkono.

Barua naiandika usiku huu.

Niko Leicester

Nimeishi Uingereza miaka mingi, nikaona nichangie kidogo, kwa sababu mzizi ni mmoja. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa imetokana na ya Uingereza ya mwaka 1893, iliyoletwa enzi za mkoloni. Wenyewe waliiandika upya mwaka 1979, na kwa walaji wakatunga nyingine mwaka 2015, inaitwa Consumer Rights Act.

Huku, ndani ya siku 30 unaweza kukirudisha kitu kibovu upewe hela yako yote. Baada ya hapo muuzaji anapewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Akishindwa, unadai punguzo la bei au unakirudisha. Na kosa likijitokeza ndani ya miezi 6, inachukuliwa kwamba lilikuwemo tangu ulipokabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Baada ya miezi 6 mzigo unakuhamia wewe. Hata hivyo madai England yanaweza kufika miaka 6, na sheria yao inataja wazi kwamba kudumu kwa kitu ni sehemu ya ubora wake.

Nilichojifunza huku ni kwamba hata wenye sheria mpya, mwezi wa nane hupambana vilevile kama huyu dada: kwa ripoti ya fundi. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia fundi huru mashine ya kufulia ilipokufa, na ripoti yake ndiyo iliyofungua mlango.

Ule mgawanyo wa miezi 6 ningependa siku moja uwe kwetu, kwa maneno yasiyo na utata, uandikwe nyuma ya kila risiti.

Kijana wa Gongo la Mboto

Samahani kwa kuingilia. Mimi ni simu, mwezi wa nne, haichaji. Duka wanasema imeingia maji, wakanionyesha kistika chekundu ndani. Sijawahi kuiangusha kwenye maji. Nifanyeje?

Fundi wa Temeke

Simu si eneo langu, ila kile kistika kinageuka chekundu kikigusa maji. Waulize walikionyesha lini: wewe ukiwepo, au baada ya kukaa nayo siku mbili? Siku nyingine simu ikifunguliwa, uwepo.

Msaidizi wa Sinza

Na kabla ya kubishana, bonyeza *#06# uone IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uitume kwenda 15090 ujue simu yenyewe ni halisi au la. Utakumbuka Juni 2016 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, walizima simu bandia, na zipo bado mtaani. Majibu yakija tofauti na simu uliyouziwa, hapo suala lako si maji tena. Umeuziwa kitu ambacho sicho. Fungua uzi wako tukusaidie vizuri.

Binti wa Rangi Tatu

Wakuu, nimerudi. Wiki nne na siku mbili.

Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Nilitaja tarehe ya kununua, bei, namba ya risiti, namba ya friji iliyoko kwenye kibandiko, kisha alichokiona fundi kwa maneno yake mwenyewe. Nikaandika ninachotaka: waje wapime wenyewe, watengeneze au wabadilishe, ndani ya siku 14, la sivyo nakala inakwenda FCC. Nikatoa nakala mbili, nikaenda nazo dukani, nikaomba moja wanigongee muhuri na tarehe kwamba wameipokea. Kijana alikataa kugonga. Nikamwambia nitakaa pale mpaka mwenye duka aje. Nilikaa kuanzia saa nne mpaka saa saba kasorobo, nimeketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, wateja wanapita. Mwenye duka alikuja, mzee wa makamo, nikamwamkia, nikampa barua. Aliisoma yote. Akagonga muhuri mwenyewe.

Siku ya kumi na moja fundi wao akaja Mbagala. Alikata kibomba yeye, nikiwepo, akaingiza gesi ya naitrojeni kutafuta panapovuja, akapaka povu la sabuni viungio vyote vya nje. Hakuna tundu. Lakini msukumo ukawa unashuka taratibu kwenye geji. Akamtazama mama akamwambia, "Mama, linavujia ndani ya ukuta. Hapa siwezi bila kupasua friji." Alisema kweli, na namheshimu kwa hilo, maana ni fundi wao na angeweza kusema lolote.

Baada ya hapo ilichukua simu sita na safari mbili. Walitaka kwanza niongeze laki mbili nipewe kubwa zaidi. Nikakataa, sikuomba kubwa. Wakataka kunipa iliyotumika, ya maonyesho. Nikakataa. Jumamosi wakakubali mpya ya aina ileile, usafiri nilipe mimi. Nililipa kirikuu elfu arobaini na tano. Samaki na barafu za mama zilizopotea hawakulipa, na nilipoziongelea mzee alisema hilo hawezi. Nimeliacha hapo kwa sasa. Nitamuuliza Msaidizi wa Sinza pembeni kama linafaa kuendelezwa.

Jambo moja nataka mlijue kwa wanaokuja nyuma yangu. Walipoleta friji mpya walileta na kijikaratasi chenye tarehe ya ile ya zamani, yaani waranti imeshakwisha kabla haijaanza. Dereva alikuwa anaharaka, anataka sahihi aondoke. Sikusaini. Nilimpigia mzee pale pale barazani, mama amesimama kando yangu na kanga begani. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akamwambia dereva aandike kwa kalamu tarehe ya leo na namba mpya ya friji, na yeye akanitumia ujumbe wa maandishi kwamba anaithibitisha.

Nimeipiga picha karatasi ile, risiti, kibandiko cha nyuma na ujumbe, vyote vinne. Friji imesimama tangu saa kumi na moja jioni. Mama ameweka kiti mbele yake ili mtu asiiwashe kabla ya asubuhi.